Mlio Ndani ya Vumbi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi tuliwasha pikipiki zetu mbele ya stesheni ya Kigwa, ambako nilikuwa karani wa tiketi. Tulikuwa chama cha watu sita, na siku ile tulikuwa tunakwenda Tabora kutazama mashindano ya pikipiki kuzunguka mitaa ya mji. Mmoja wetu, fundi wa reli, alikuwa anashindana. Mkewe hakutaka. Alikuja kwa sababu, alisema, mumewe akiumia yeye hataki kuletewa habari na watu. Alipanda nyuma yangu ili pikipiki ya mumewe iwe nyepesi.

Tulishika njia ya zamani ya misafara. Mwisho wa kiangazi vumbi lake halina mfano. Ukimfuata mwenzako huioni hata taa yake. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kwenda kwa masikio, na kila mlio tuliujua. Pikipiki ya fundi ilikuwa na ekzosi iliyopasuka, aliyoifunga kwa waya, nayo ilikohoa mara mbili kila alipopunguza mwendo. Babu yangu, aliyebeba pembe za ndovu katika njia hiyohiyo, aliniambia kwamba wapagazi nao walijuana kwa njuga za miguuni, na kwamba wako waliozisikia njuga za mwenzao hata baada ya kumzika.

Mjini Tabora, mtaa wa Mtendeni, tulikuwa na rafiki, Mwarabu mwenye duka, aliyetutolea benchi barazani. Maduka mengine yalikuwa yamefungwa. Fundi alikwenda mahali pa kuanzia. Washindani tuliwaona raundi moja tu. Barabara haikuwa imemwagiwa maji, na kuanzia raundi ya pili palisimama mbele yetu ukuta mwekundu wa vumbi. Watu waliacha kushangilia. Walisimama kimya pande zote mbili, wakigeuza vichwa kufuata milio ya vitu wasivyoviona.

Sisi hatukuwa na wasiwasi. Kila mzunguko tulikisikia kile kikohozi kwenye kona.

"Shemeji, chuma cha mumeo kina kifua kikuu," mwenye duka alimwambia mke wa fundi, "lakini hakifi."

Hakucheka. Alikuwa amesimama kwa muda, mkono shingoni.

"Mume wangu hapiti hapa tena," alisema.

Tulimwambia asikilize. Kikohozi kikapita, mara mbili, kama kawaida. Wote tulikisikia.

"Ninyi mnasikia pikipiki," alisema. "Mimi namsikiliza yeye. Hayupo."

Alijifunga kanga kiunoni akaondoka, akifuata kuta za maduka kuelekea upande walikotoka washindani. Nilimfuata, kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta.

Tulimkuta mumewe mferejini, nyuma ya kona ya pili, mahali pasipokuwa na mtazamaji hata mmoja. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu. Alikuwa macho, uso umejaa vumbi hata nyusi hazionekani. Niligusa injini kwa tahadhari, nisiungue. Ilikuwa imepoa kabisa.

Hapo hapo, juu yetu, ndani ya vumbi, ekzosi iliyopasuka ilikohoa mara mbili ikapita.

"Inapita kila mara," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani anayeiendesha?"

Mkewe hakugeuka kutazama. "Shemeji, shika huku. Inua."

Mashindano yalipokwisha nilikwenda kukagua ekzosi za pikipiki zote zilizofika. Hapakuwa na iliyopasuka. Wenzangu wa barazani waliapa kwamba fundi alipita hadi raundi ya mwisho. Mwenye duka alikuwa ameshakwenda kumpongeza.

Daktari alisema angecheleweshwa zaidi mguu ungekatwa. Alipona, ingawa alibaki akichechemea. Pikipiki haikuharibika sana, na siku nyingine yeyote kati yetu angeigombania. Sasa hakuna aliyeitaka hata kwa nusu ya bei, na mke wa fundi hakukubali ilale uani kwake. Mwishowe ilichukuliwa na mnunuzi wa asali wa Sikonge, ambaye hakuwahi kuisikia njiani. Fundi alikuwa ameinunua kwa shilingi elfu moja na mia mbili, akaiuza kwa mia tatu na hamsini. Alipoteza shilingi mia nane na hamsini.