Chupa Iliyong'aa Chini ya Kitenge

Muuguzi aliuinua mguu wa mwanangu mbele ya benchi zima la akina mama, akasema: "Muangalie wote! Hii kijani njo buchafu ya nyumba." Hapo uvumilivu wangu ukakatika. Kisha akachukua fishi ya mtoto, ile kadi yake ya matibabu, akaandika: mama hana usafi.

"Papa Docta, futa hayo maneno."

"Wino haifutike, Mama."

Mimi, ambaye hata jirani zangu wananicheka kwa kuchemsha vitambaa kama mihogo! Mtoto alimwagikiwa na chai ya moto mguuni. Nikamleta kituoni siku hiyo hiyo. Kidonda kilikuwa chekundu, kisafi. Ni baada ya kuoshwa pale kituoni, mara kadhaa, ndipo bandeji ilipoanza kutoka na kijani na harufu tamu ya kuchefua, kama tunda lililochacha. Mguu ukavimba hadi kwenye vidole. Kila nilipomgusa alilia, na mimi niliogopa vidole vile vitakatwa.

Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima, na hasira ikanikumbusha somo moja. Sekondari nilisoma biochimie, kemia ya viumbe hai. Mwalimu wetu alipenda kutuambia habari za vijidudu walafi. Mwili wako, alisema, unaficha chuma chake kama bibi anavyoficha sukari. Basi kijidudu fulani cha vidonda kinatengeneza molekuli za kwenda kukiiba: zinatoka, zinanasa chuma, zinakipelekea kijidudu. Na molekuli hizo, zikiwa bado hazijanasa kitu, zinang'aa kijani-njano chini ya taa ya zambarau.

Taa ya zambarau! Nani hana habari nayo hapa Kalemie? Nikaenda sokoni kwa mama mkubwa wangu, anayebadilisha dola na kuzimulika ajue zipi ni bandia.

"Mama mukubwa, niazime kale kataa ka kuangalia dola za bongo."

"Uko na dola?"

"Niko na bandeji."

Alinitazama juu mpaka chini. "Weye uko muzima kweli? Sawa. Lakini taa yangu haitembeake bila miye." Akafunga meza yake, akanifuata.

Tulijifungia chumbani, tukaziba dirisha. Bandeji ya zamani ikawaka kijani-njano, mama mkubwa akaruka nyuma. Nepi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ikawaka bluu. Maji yangu ya kuchemsha: giza tupu.

"Sasa hii kijani imetokea wapi?" akauliza.

Nilijua. Pale kituoni kuna chupa kubwa ya dawa ya kuoshea vidonda, imezibwa kwa pamba iliyofungwa kitambaa. Kila asubuhi muuguzi anaongeza dawa na maji juu ya mabaki ya jana. Haimwagi, haioshi. "Dawa haitupwake," anasema kwa majivuno, kama mwenye nyumba asiyetupa ugali.

Siku ya kubadilisha bandeji tulifika mimi, mama mkubwa na mtoto, na taa na kitenge kipana. Muuguzi alipogeuka kutafuta mkasi, nikaikamata chupa, nikajifunika kitenge pamoja nayo, kichwa hadi magoti, nikawasha taa. Kizibo kiling'aa kama jicho la paka.

"Mama, unafanya nini humo ndani?"

"Ninasali, Papa Docta. Kuja tusali pamoja."

Akina mama wakaacha benchi. Mmoja akaingia chini ya kitenge, akatoka mdomo wazi. Wa pili akamsukuma wa tatu. Mama mkubwa akasimamia mstari kana kwamba anauza tiketi: "Mumoja mumoja! Usivute kitenge, ni cha kwangu!"

"Hiyo ni sabuni tu," muuguzi akasema.

Nikatoa nepi. "Sabuni njo hii, bluu. Na jerikeni yako mupya ya dawa tuimulike pia." Tuliimulika: giza. "Ingia mwenyewe, Papa."

Akaingia. Tuliona viatu vyake tu, vimetulia. Alipotoka alikuwa anafuta jasho. "Taa ya dola si laboratware."

"Kweli kabisa. Basi tuma hicho kizibo laboratware, wakipime."

Akakirudisha kizibo mahali pake, akamwita mtoto anayefuata, mchanga, mwenye kidonda kichwani. Mama yake akamkumbatia, hakusogea. Mimi nikambeba wangu hadi hospitali kubwa, akapewa dawa nyingine, kisha nikaenda biro ya zone ya afya, ofisi inayosimamia kituo chetu. Karani alitaka niseme tu kwa mdomo. Nikakataa. Niliandika hivi, na wakapiga muhuri:

"Mimi, mama wa mtoto aliyeungua mguu, ninamshitaki muuguzi wa kituo chetu. Anaongeza dawa ya vidonda katika chupa isiyooshwa. Kidonda cha mtoto wangu kilioza baada ya kuoshwa kwa dawa hiyo. Sijui jina la kijidudu. Ninaomba laboratware ikitafute katika chupa na kizibo kabla havijafichwa. Ninaomba kila chupa imwagwe, ichemshwe na ikaushwe mbele ya akina mama, na vizibo vya pamba vichomwe. Ninaomba mtoto yeyote asioshwe na chupa ile tangu leo. Na kwenye fishi ya mwanangu, maneno 'mama hana usafi' yapigwe mstari na yule aliyeyaandika, kwa wino ule ule usiofutika."