Maneno Niliyompelekea Mama

Darasa letu la Kiingereza pale mtaa wa Sakina lilikuwa la watu wazima, saa kumi jioni, juu ya duka la spea. Siku hiyo tulikuwa tunajifunza usemi wa taarifa, yaani kupeleka maneno ya mtu kwa mwingine. Mwalimu alinisifu. Sikuona cha kusifiwa, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa naifanya tangu mama alipohamia kwangu. Kwa miaka sita yeye na baba, aliyebaki shambani upande wa Meru, hawakusemeshana. Mwambie baba yako. Mwambie mama yako. Nami njiani nilikuwa nayachuja maneno yao, matusi nayaacha.

Nilikuwa kwenye sentensi ya tano kaka alipopiga simu. Baba amefariki. "Usimwambie mama," alisema. "Mlete tu."

Kwetu mke haambiwi msiba njiani. Anaambiwa akishafika, wanawake wa kanisa wakiwa wamemkalisha. Nilirudi darasani nikamaliza sentensi yangu. Sikusikia kitu moyoni, wala huzuni wala hofu, na mpaka leo naona aibu kwa hilo.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage.

"Mama, baba anaumwa. Anakuita."

Wengine wakimpeleka mke msibani husema anaumwa, basi. Hilo la kuita niliongeza mimi, ili asikatae kwenda.

Aliweka ungo chini. "Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Amesema, 'Mwambie mama yako aje.'"

Akaoga. Akavaa kitenge cha kanisani, akapaka miguu mafuta. Njiani aliisimamisha teksi tuliyopanda akanunua sukari, maana baba hanywi chai isiyokolea. Mfuko niliupakata mimi mpaka tukafika.

Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, wanaume wamesimama. Mama aliliangalia, akaniangalia mimi. Wanawake wakamshika mikono, wakamwingiza ndani.

Siku tatu nilingoja aniulize habari ya maneno yale. Siku ya nne, baada ya mazishi, jirani mmoja alimpa pole, akasema inauma zaidi watu wakiachana bila kupatana. Mama akamkatiza.

"Aliniita," alisema. "Huyu ndiye aliyeleta maneno. Waambie, mwanangu. Baba yako alisemaje?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Alisema uje, mama."

Aliitikia kwa kichwa bila kuniangalia, kisha akamwambia jirani anywe chai yake isije ikapoa.