Jani Mdomoni mwa Merle

Miaka thelathini na minne Merle Tonkin alisimama mezani kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, akipanga sufu kwa madaraja. Mimi nilikuwa mpishi wa mabanda hayohayo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Alipitisha vidole mara moja, akataja daraja, na wanunuzi wa mjini hawakuwahi kumrudishia hata robota moja.

Alipostaafu, vidole vile akavihamishia vichakani. Huku kwetu zipo aina mbili za hakea, kichaka cha porini, zinazofanana kama mapacha: majani ya sindano yaleyale, matunda magumu yaleyale. Moja imejaa kila mahali. Nyingine ni adimu, inalindwa na sheria, na ilipo, greda ya barabara haipiti. Zikichanua, hata mtoto anazijua. Bila maua, utazipambanua kwa jani changa tu: la ile adimu lina vinyweleo, kama malaika ya shavu la mtoto mchanga. Wataalamu huvitafuta kwa lenzi. Merle, ambaye macho yake siku hizi yana ukungu, hulipitisha jani juu ya mdomo avihisi. Watu humcheka. Wacheke.

Februari iliyopita halmashauri iliamua kupanua barabara kwenye kona ya shamba letu. Hapo palikuwa na safu ya hakea ambayo marehemu mume wangu, Clem, alikataa kuing'oa wakati majirani wote walipolima hadi ukingoni mwa barabara. Ndicho kitu chake nilichokuwa nimebaki nacho. Halmashauri ilimwita Merle azikague kwanza, na kwenye gari nilimwambia wazi, "Shoga, sema ni ile adimu. Nani atajua?"

Yeye akafungua mlango, akashuka.

Darko Matich, msimamizi wa barabara, alikuwa anatungoja na greda yake. "Bi Merle, neno lako tu. Ukisema adimu, nasimamisha kazi."

Merle akachuma jani changa, akalipitisha mdomoni. Akaenda kichaka cha pili, cha tatu.

"Ipe busu la pili, labda itakubali!" Darko akamtania.

"Ya kawaida," Merle akasema. "Zote, Darko. Safu nzima."

Nilipandwa na hasira. "Umeshika jani lililokomaa wewe! Rudia!"

"Nimeshika changa, Beryl."

"Clem angekusikia leo!"

"Clem alinijua. Mwaka wa ukame niliishusha sufu yake madaraja mawili, na jioni akaniletea keki. Keki uliioka wewe."

Nikamgeuzia mgongo. Yeye akavuka barabara, akashuka mtaroni ambako hakuna aliyemtuma, kwenye vichaka vibaya vilivyotafunwa na kondoo. Nilipogeuka nikamwona amesimama, jani mdomoni. Akachuma la pili.

"Darko! Njoo na vigingi vyako. Hizi hapa, sita. Hizi ndizo zenyewe."

Darko akampigia simu mkubwa wake. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu. Mkubwa alitaka kujua nani amethibitisha, na kwa kifaa gani.

"Merle Tonkin," Darko akasema. "Hapana, bosi, hana kifaa. Sikiliza. Ameikataa sasa hivi safu ya rafiki yake, na rafiki mwenyewe amesimama hapa amenuna. Unadhani hizi za mtaroni anazitetea kwa nini?"

Mkubwa akakubali. Kisha Darko akakata simu, akaanza kupigilia vigingi upande wa mtaro. Barabara ingepanuliwa upande wetu tu.

Safu ya Clem iling'olewa kabla ya saa nne asubuhi. Nililia, sioni haya kusema. Merle alikaa kwenye nyasi akaniacha nilie. Dereva wa greda, mgeni katika wilaya yetu, alipozima mashine aliniuliza yule mama anayetafuna majani ni nani.

"Hatafuni," nikamwambia. "Na ni rafiki yangu."