Sauti ya Saa ya Komunike

Mutu yeyote wa Bunia anaijua ile sauti. Jioni, mbele redio haijasoma komunike za vifo, anatangulia mwanamuke mumoja kuimba, peke yake, bila ngoma, bila gita. Sauti yake inatetemeka kama maji ndani ya beseni uliyojitwika kichwani. Hapo aliye kwenye mbabula anaacha kupepea makaa, wacheza karata wanashusha karata, mutoto mwenye kelele anafinywa. Kila mutu anatega sikio: leo ni wa nani?

Miye niliichukia, nasema wazi. Jina la mume wangu nililisikia nyuma ya ile sauti, nikiwa natwanga majani ya sombe. Alikuwa amepeleka vikwembe vyetu, vitenge vya kuuza, kwenye soko la Iga Barrière, akauawa njiani, na ndugu zake wa kule walipokosa kunipata kwa simu wakatoa komunike. Ile sombe sijui nani aliipika. Tangu siku hiyo nilijiambia: huyu mwanamuke hatangazi kifo, anakiita. Jirani yangu, mama wa chumba cha maombi, alisema ni mamba-muntu, nusu mutu nusu samaki, ametoka ziwani kututafuta. Sikumuamini sana, maana kwake kila kitu ni mamba-muntu, hata bei ya mafuta ikipanda. Lakini sikumukatalia.

Miaka ikapita, binti yangu mukubwa akaniletea kijana nyumbani. Kijana musafi, suruali imepigwa pasi, anaongea kidogo. Mutu wa kuongea kidogo miye namuogopa. Anaficha nini? Nikamuuliza kazi yake.

"Niko teknisyen wa redio, mama."

"Redio gani?"

Akaitaja. Ayi! Ndiyo ileile ya komunike!

"Na ile sauti ya komunike, nani anaiweka?"

"Ni miye, mama."

Nikamugeukia binti yangu, akaangalia chini. Nikauliza walijuana wapi. Binti akajibu polepole. Kumbe walijuana kwenye dirisha la redio wanapopokea komunike, siku niliyomutuma apeleke tangazo la mazishi ya baba yake! Yaani huyu bwana alibonyeza kifungo, jina la mume wangu likatoka, kesho yake akainua kichwa akaona binti yangu. Niambieni, mama gani atapiga vigelegele hapo?

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Watu wake walitaka kuja kujitambulisha, nikasema wangoje, niko na kazi nyingi sokoni. Kazi yenyewe ilikuwa kumuchunguza. Rafiki yangu ananunuaka maharage Bogoro, kijiji cha wazazi wa kijana, nikamuomba aulizie. Akarudi: watu wazuri, walimaji, wanasali, hawana magomvi na mutu. Hakuna hata baya moja? Hapo ndipo shaka ikazidi. Familia ambayo haina hata mulevi mumoja, imemuficha wapi?

Bon. Siku moja kijana alikuja kututengenezea nyaya za umeme. Niliposikia hagongi tena misumari, nikazunguka nyuma ya nyumba polepole, nikamukuta ameketi juu ya bidoni ya maji, simu kwenye sikio, macho amefunga. Nikasogea. Ilikuwa ni ile sauti! Bila komunike, bila maiti, mutu anaisikiliza kwa raha zake, mu parsele yangu, kiwanja changu mwenyewe!

"Leo anaita nani?" nikamuuliza.

Aliruka, kidogo aanguke. "Mama, huyu haiti mutu. Ni mwimbaji wa inchi moja inaitwa Azerbaijan. Kule kwao ni mukubwa sana. Na amekwisha kufa."

"Unaona! Amekufa na bado anaimba."

"Mama, redio yote iko hivyo."

Nikavuta kiti. Nilitaka aseme yote, nimushike pale atakapojikwaa. Akasema kulikuwa fundi mumoja wa ndege za mizigo, mutu wa kule, aliyekuwa anawatengenezea jenereta ya redio, ndiye aliwaachia nyimbo na kuwasimulia habari zake. Yule mwanamuke alizaliwa katika muji wa milimani, baba yake akifuma mazulia, wala hakutaka binti yake aimbe mbele ya wanaume. Basi akawa anaimba jikoni, na majirani wanasogeza viti vyao karibu na ukuta. Baadaye alichukuliwa muji mukubwa, akapewa nishani na wakubwa wa serikali. Lakini kuimba kwenye ndoa ya mutu masikini hakukataa hata siku moja, anakuja na nguo zake za sherehe, anaketi na wapishi. Kisha vita vikachukua muji wake. Watu wake wakakimbia, wakalala ndani ya mabehewa ya treni, miaka na miaka, na yeye akawa anawafuata kule kwenye reli kuwaimbia ndoa zao. Alikufa bila kuona tena nyumba ya baba yake. Siku ya mazishi, wanawake walimusindikiza wakiuimba wimbo huuhuu, na hata leo kule bibi-arusi hatoki kwao bila kuwekewa sauti yake.

Ile habari ya mabehewa ilinihusu miye mwenyewe. Nikajua: ameichagua makusudi! Anajua nilitoka upande wa Beni nikikimbia vita, godoro juu ya pikipiki.

"Wimbo wa ndoa," nikasema, "na siye munatuwekea kwa wafu?"

Akakuna kichwa. Akasema zamani waliweka wimbo wa Wakatoliki, Waprotestanti wakanung'unika, Waislamu wakauliza na wao je. Wakaweka wimbo wa lugha moja ya hapa, simu zikalia muchana kutwa: kwani wanaokufa ni wale peke yao? Wakabadilisha lugha, wengine nao wakatishia kuja kuvunja mulango. "Tukatafuta sauti ambayo hapa haina kabila. Tulimupata yeye tu, mama."

Nikanyoosha mukono kwenye simu yake.

"Nionyeshe sura yake. Lakini zima sauti."

Akazima. Nikaona mwanamuke munene, kitambaa kimerudi nyuma ya kichwa, mukono mumoja kwenye sikio, mudomo wazi. Mbele yake bibi-arusi amefungwa utepe mwekundu kiunoni. Kitambaa cha gauni kilikuwa kizuri, hapo sitasema uongo. Na mulangoni mama mutu muzima, bila shaka mama yake, ameshika bakuli la maji, uso umeloa machozi.

"Kama ni ndoa, mbona yule analia?"

"Na weye, mama, siku ile utacheka?"

Eh! Kijana wa kuongea kidogo! Nilimuangalia weee, kisha nikamuita binti yangu alete chai.

Siku ya ndoa, baada ya kanisa na chakula, jioni wakwe wakaja kumuchukua binti yangu. Nilikuwa nimemushika mukono, namusindikiza kwenye gari, vigelegele vinapigwa. Mara, kwa jirani, redio: ile sauti. Vigelegele vikakatika. Shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, akapiga makelele: "Zimeni hiyo kitu! Ni mukosi!" Nikamutolea macho mukwe wangu: ni weye umepanga? Akatikisa kichwa, jasho linamutoka. Mpaka leo sina hakika.

Jirani akakimbilia redio. "Muache aimbe," nikasema. "Leo anafanya kazi yake."

Akaimba mpaka mwisho, na miye nikalia mbele ya wakwe wote bila haya. Kisha mutangazaji akaanza kusoma majina. Dereva akawasha gari, watu wakasema twende, giza linaingia, njia si nzuri. Binti yangu akajaribu kuvuta mukono. Nikaukaza. Nilisikiliza jina kwa jina, mpaka la mwisho. Letu halikuwamo. Ndipo nikamuachilia.