Pete ya Mama Kagure

Asubuhi pale Nanyuki, kabla mawingu hayajaufunika mlima, wanawake husimama mbele ya geti la kampuni ya kupakia mboga wakiwa wamenyoosha mikono, kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Msimamizi wao, Mutahi, hupita polepole akiitazama. Kucha ndefu, rudi nyumbani. Pete kidoleni, rudi nyumbani. Mkono unaotetemeka pia, kwa sababu mishiri, yale maharagwe machanga yanayosafirishwa ng'ambo, huvunjika upesi. Waliofaulu huguswa begani. Kuguswa huko ndiko kupata kazi, na ni kazi ya siku hiyo tu.

Wakonyo, ambaye wengi humwita Mama Kagure, amenyoosha mikono hapo kwa miaka sita. Kila anapokaribia muda ambao sheria ingemtambua kuwa mwajiriwa wa kudumu, huambiwa apumzike kidogo, kisha huitwa tena kama mtu mpya. Miaka sita, na bado ni mgeni! Hakuna kampuni inayosahau sura ya mtu kwa bahati mbaya.

Mwaka jana kisogo kilianza kumuuma na usingizi ukamkimbia. Alikuwa akilala macho, akisikiliza kama mvua itanyesha, maana mvua ikizidi mishiri huoza shambani, na mikono inayohitajika getini hupungua. Watiri, muuguzi wa zahanati, alimpima akamwambia ni presha. Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

"Hii inatoa maji mwilini," Watiri alisema. "Utaenda choo mara nyingi, usishtuke. Na usiruke hata siku moja."

Watiri hakujua habari za kibao. Katika chumba cha kuchambua, kila meza ina kibao kimoja cha mbao, na hakuna anayekwenda choo bila kukishika. Ukikichukua mara ya pili, hakuna anayekugombeza. Ila kesho yake, mkono wa Mutahi hulipita bega lako.

Kwa hiyo Mama Kagure akajipangia. Siku ya kazi, hakuna kidonge wala chai. Siku ya kukosa kazi, kidonge. Aliona amepata njia nzuri ya kuyaweka yote mawili, kazi na afya. Msimu ukawa mzuri, akaguswa bega kila asubuhi, na vidonge vikakaa kwenye pakiti yake. Mtu akikatwa kidole na mashine tunaona damu na tunapiga kelele. Yeye alikuwa anavimba tu.

Ndipo asubuhi moja pete yake ya ndoa ikakataa kutoka. Alikimbilia kwa Fowsia, anayeuza chai kando ya geti.

"Lete mkono," Fowsia alisema, akachota mafuta ya kupikia. "Eh! Hiki ni kidole ama ni ndizi?"

"Vuta tu. Mutahi anakuja."

"Nikivuta zaidi nitabaki na kidole, wewe ubaki na pete."

Walicheka. Pete haikutoka.

Mutahi alisimama mbele yake. "Mama Kagure, umeumwa na nyuki?"

"Ni baridi tu, supavaiza. Itashuka."

"Pete ni pete. Ikianguka kwa katoni, mimi ndio nafutwa. Hata mimi niko kwa kandarasi." Akapita.

Geti likafungwa. Mama Kagure aliketi kwenye benchi la Fowsia, akatoa kidonge, akakimeza kwa chai.

"Ati leo umekubali chai yangu!"

"Leo ni siku ya dawa."

"Kwani dawa iko na siku?"

Kabla hajajibu, lori lililojaa mishiri kutoka Timau lilipiga honi, na Mutahi akatoka mbio. "Mama Kagure, bado uko? Funga hiyo pete na plasta, uingie!"

Alikitazama kikombe. Kilikuwa kitupu. Akaingia.

Hata saa ya chakula haikuwa imefika alipokichukua kibao. Baada ya muda mfupi akanyoosha mkono tena. Phyllis, jirani yake mezani, akamvuta aproni.

"Subiri kidogo, mama. Utajiharibia kesho."

"Nimesubiri tangu mwaka jana," alisema, akakishika.

Mara ya tatu hakuna aliyemvuta.

Kesho yake pete ilitoka kwa sabuni kidogo tu. Akasimama getini na mikono iliyonyooka, kucha fupi, vidole vimepungua. Mutahi akamgusa mwanamke wa kushoto kwake, kisha wa kulia. Vidole hakuviangalia.

Geti lilifungwa mikono yake ikiwa bado mbele. Aliishusha, akairudisha pete kidoleni, akaenda kuketi kwenye benchi.

"Chai?" Fowsia aliuliza.

"Weka," alisema, akiitafuta pakiti ya vidonge mfukoni. "Na kesho uniwekee pia, kabla Mutahi hajafika."