Mtu wa Kwanza Kuzikwa Mwezini

Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu kule Ngara, na kila Jumapili alitusimulia hadithi ya mji wa mwezini. Hakuiandika popote. Aliisema tu, uani kwetu Kangemi, huku akishona viatu vya majirani. Aliianza mwaka ule redio iliposema watu wametua mwezini, na hakuiacha tena.

Watu wake wa kwanza walikwenda huko kama sisi tulivyokuja Nairobi: kutafuta kazi tu, kila mmoja akisema kwao ni duniani. Hewa ililetwa kwa mapipa, na ufunguo wa ghala alikuwa nao mkuu aliyetumwa kutoka duniani.

"Huyo ni mama mwenye nyumba na kufuli yake ya mfereji wa maji," alisema jirani yetu, karani kutoka Lamu.

Mama mwenye nyumba alimjibu kutoka dirishani: "Cheka tu. Kesho utakunywa hiyo hadithi."

Mji ulikua. Watu walichoka kuomba hewa, wakamnyang'anya mkuu ufunguo, wakapatana kila mtaa uushike kwa zamu. Punde mtaa mmoja ukakataa kuuachia. Hapo karani alijipiga paja. "Fundi, huko si mwezini. Huko ni hapa!"

Wakazaliwa watoto wasioijua mvua, wakawauliza wazazi, "Mkisema nyumbani, mnasema wapi?" Kisha akafa mzee mmoja. Chombo kikaja kuuchukua mwili, maana wafu wote walirudishwa duniani. Binti yake, mzaliwa wa huko, akasimama mlangoni. "Mkimchukua huyu, mtuchukue na sisi sote." Mzee akazikwa palepale. Tangu siku hiyo, amri za dunia zilipokuja, watu walizipokea kwa adabu, kisha wakafanya yao.

"Mji unakuwa mji siku unapozika," mume wangu alisema, akakata uzi kwa meno.

Alisoma hadi darasa la nne. Sijui mawazo hayo aliyatoa wapi, lakini nilipokuwa nikichambua mboga na kumsikiliza, nilijiona nimeolewa na mtu mkubwa. Mpaka leo najiona hivyo.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Kaka yake mkubwa akaja na gari kutoka kwao mashambani.

"Shemeji, tumekuja kumchukua mtu wetu."

Nilimwambia ninataka azikwe hapa, walipozaliwa watoto wake.

"Mtu hazikwi mahali pa kupanga," alisema. "Yeye mwenyewe alikuambia hivyo?"

Chumba kizima kilinitazama. Karani alinikazia macho ili niseme ndiyo, na neno hilo moja lingetosha. Lakini sikuweza kumsingizia maiti.

"Hakuniambia. Aliacha hadithi tu."

"Hadithi gani?"

Nikaisimulia, mimi ambaye sijawahi kusimulia kitu mbele ya watu. Niliruka ule ugomvi wa zamu, karani akanirudisha. Nilipofika kwa binti mlangoni, sauti ilinikatika. Kutoka pembeni, mama mwenye nyumba akasema pole pole, "Mkimchukua huyu, mtuchukue na sisi sote." Kumbe miaka yote ile alikuwa akisikiliza.

Shemeji alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Tukichunga, alikuwa anatupa hadithi mpaka ng'ombe wanaingia shamba la watu," alisema mwishowe. "Fimbo nilikuwa nakula mimi, mkubwa." Akacheka, kisha akafuta macho kwa kofia. "Na mama yetu nitamwambia nini?"

"Mwambie hadithi," nilisema.

Akatoka nje. Nilimsikia akimwambia dereva ashushe kamba na turubai, gari halirudi na mtu.

Tulimzika makaburi ya Lang'ata, hapa hapa Nairobi. Shemeji alishika jeneza mbele, karani wa Lamu upande wa pili, na watu wa ploti, wapangaji wenzetu, nyuma yao, wengi wakiwa wamevaa viatu alivyowashonea.