Maji Yakiwa Motoni

Mama mkwe wangu alikuwa anateleka maji kabla hajajua atapika nini. Mimi nilizoea kinyume chake: unachambua, unakatakata, unapanga mboga kwenye sinia, ndipo unawasha moto. Yeye alipachika sufuria kwenye mafiga, akasukuma kuni, akachukua kisu chake kidogo na kutoka zake kwenye kihamba, shamba lile la migomba na kahawa linalozunguka nyumba za Marangu. Chochote alichorudi nacho kabla maji hayajachemka, hicho ndicho kilikuwa chakula cha siku.

Siku niliyopelekwa kumsalimia kwa mara ya kwanza, nikiwa bado mchumba, nilikaa kwenye kigoda nikitafuta la kusema baada ya shikamoo. Kabla sijalipata, alikuwa ameshaingia na ndizi mbichi, karoti mbili zenye udongo, nyanya ndogondogo, vitunguu majani na fungu la dania. Alimenya ndizi huku ananiuliza habari za wazazi, akazitumbukiza kwenye maji, karoti na nyanya zikafuata, chumvi, kifuniko. Ndizi zilipolainika akatia kijiko cha samli, akaepua, na hapo tu ndipo alipozikatia dania juu.

"Dania haipikwi," aliniambia. "Inasalimiwa na mvuke, basi."

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kula kwake. Mnafu, mboga yetu chungu ya majani, aliuchemsha kidogo tu, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, akaurudisha motoni na vitunguu na maziwa. Parachichi aliliponda kwa chumvi na ndimu, tukalila kwa magimbi ya moto. Chai aliipika kwa mchaichai mbichi, akiufunga fundo ili usitawanyike kwenye birika. Nilimpenda kwa vyakula hivyo kabla sijampenda kwa tabia, maana ulimi wake ulikuwa mkali.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia na bei ya kahawa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya. Kiboriloni, huko chini karibu na mjini, tulikopanga chumba mimi na mume wangu, meza za sokoni zilijaa viungo vya pakiti vyenye picha za kuku wa kuchoma. Nilimpelekea pakiti moja kwa fahari. Akaipasua, akanusa, akaniuliza, "Hii ilikufa lini?"

Sasa nisimulie ujinga wangu. Mimi nilizaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa, huko chini kwenye joto. Baba alitoka Kigoma kuja kukata miwa, na nyumba zetu zilijengwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Kwangu mimi mstari ndio ustaarabu. Bustani ya mama mkwe nyuma ya jiko ilikuwa fujo tupu: dania chini ya mgomba, vitunguu kando ya jiwe, mchaichai umesimama njiani ukimchapa kila apitaye. Iliniwasha macho miaka mitatu mizima.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilikuwa nimepanda kumtembelea na mtoto mgongoni. Yeye alikwenda kwenye jumuiya ya kanisa, kisha akapitia msibani. Mimi nikashika jembe. Niling'oa kila kitu, nikanyoosha kamba, nikapanda upya kwa mistari ambayo ingemfurahisha hata nyapara wa kambi yetu. Mchaichai nikaupeleka mbali kabisa, kwenye masale, ile mimea ya kuwekea mipaka ya kihamba. Aliporudi nilimshika mkono nikampeleka.

"Mama, nimekupangia bustani."

"Ahsante, mwanangu," akasema, na nikajiona mkamwana bora mlima mzima.

Akateleka maji, akatoka na kisu chake. Maji yakachemka. Sikuwahi kuyaona yakichemka bila yeye. Yakaendelea kuchemka, yakafika nusu ya sufuria, nami nikatoka kumtazama. Jua bado lilikuwa linapenya kwenye migomba. Alikuwa amechuchumaa, anapapasa udongo, anavunja jani, ananusa, anatupa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika magugu.

"Dania umeiweka wapi?" akauliza.

Ilikuwa mbele ya goti lake.

Nilikaa chini pale pale udongoni. Yeye hakulia. Alinieleza kama mtu anayeeleza bei ya sukari: tangu masika haoni ila mwanga na kivuli. Alishuka peke yake mjini, hospitali, akaambiwa ni presha ya macho na kilichopotea hakirudi. Hakumwambia mtu. Njia zake alikuwa nazo miguuni na kwenye pua, na mimi nilikuwa nimezing'oa zote kwa mchana mmoja.

"Usiwaambie wanangu," akasema.

Nilijua kwa nini. Tangu baba mkwe afariki, mtoto wake wa kwanza, shemeji yangu, alikuwa anataka kumhamishia kwake Dar es Salaam, kwenye jiko la gesi na msichana wa kazi. Krismasi wote wangekuja nyumbani, kama kila mwaka.

"Wakijua, watanipeleka nikakae kwenye kochi. Nitakula cha kuletewa mpaka nife."

Nililia mimi, kwa aibu. Niliona haya hata kumtazama mwanangu.

Kesho yake, tulipotoka misani, alisimama mlangoni mwa jiko akaniongoza, na mimi mpenda mistari nikapanda kwa kufuata sauti. "Mchaichai hapa hapa. Ukinipiga gotini nijue nimetoka. Hatua nne mkono wa kushoto, dania. Mguu ukigusa jiwe, vitunguu." Mchaichai na vitunguu vilishika. Dania ilinyauka yote, ikabidi nisie mbegu mpya, nikarudi Kiboriloni nikihesabu wiki. Kila nilipopanda Marangu nilikimbilia kwenye dania kabla sijamwamkia mtu. Desemba ilipofika ilikuwa imefika urefu wa kiganja. Na yeye alikuwa ameshaizoea bustani yake tena, anatoka na kurudi huku sufuria ndiyo kwanza inaanza kuimba. Nimewaona mafundi wengi maishani, sijaona mwingine kama yeye.

Walikuja wanawe watatu, mume wangu akiwa mmoja wao naye hajui lolote, pamoja na wake wa wale wawili. Shemeji hata hakusubiri kunywa chai.

"Mama, safari hii tunashuka wote. Umeshafanya kazi ya kutosha."

"Kwanza mle," akasema, akateleka maji.

Mke wa shemeji akainuka amsaidie kuchuma. Nilimvuta khanga akakaa. Nilisikiliza ile sufuria, nikiomba kimoyomoyo maji yachelewe. Hayakuwa na haja ya kuchelewa. Aliingia na ndizi, karoti, nyanya, vitunguu na dania yangu, udongo bado kwenye mizizi. Akamenya, akatumbukiza, akafunika, akategesha sikio. Aliepua wakati wake, akaiacha dania isalimiwe na mvuke.

Walikula kama watoto wa shule. Shemeji aliongezewa mara mbili, akapangusa sahani kwa kidole, akasema huko Dar hiki ndicho anachokiota. Nikashusha pumzi. Nilidhani tumevuka.

Mama mkwe akafuta mikono. "Mmeshiba?"

Wakaitikia.

"Basi mjue aliyewapikia haoni."

"Haoni vipi, mama?" akauliza shemeji.

"Sioni. Wewe najua umekaa wapi kwa sababu unatafuna kwa kelele tangu utoto." Akageuza uso kuelekea kwa kila mmoja, bila kukosea. "Sasa niambieni, mnanitoa kwenye jiko hili kwa kosa gani?"

Wake za shemeji zangu walinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Shemeji akainuka, akachukua kile kisu kidogo, akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona anasimama kwenye mchaichai na kufumba macho. Mtu mzima, na shati lake la sikukuu. Akapiga hatua, akapinda, akagonga bega kwenye mgomba, akachuchumaa, akapapasa kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na tope kwenye magoti. Akaweka mapajani mwa mama yake alichochuma.

Mama mkwe akainua, akanusa.

"Hii mpelekee mbuzi," akasema.

Tulicheka sote, na shemeji akacheka huku anafuta macho. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Kesho yake asubuhi nilimkuta anapasua kuni, akimuuliza mama yake azipange wapi.